Kabla ya kumfundisha mtu baiskeli, tazama kwanza miguu yake

SAMAKI mkunje angali mbichi, walinena wahenga. Kwa watu wazima wengi wa mijini ambao hawakubahatika kujifunza baiskeli utotoni, methali hiyo imegeuka kuwa kisingizio. Husema umri umekwenda, mifupa imekomaa, na kwamba kuanguka mbele ya watoto wa jirani ni aibu isiyo na sababu.

Hata hivyo, wanapodadisiwa, wengi wao husimulia kisa kinachofanana. Walijaribu mara moja wakiwa na umri wa miaka 10 au 12, kwa baiskeli ya baba au ya mjomba, ambayo ilikuwa kubwa kuliko wao. Aliyewafundisha alishika kiti kwa nyuma, akakimbia nao hatua chache, kisha akaachia bila kuwaambia. Wakaanguka, wakachubuka magoti, na pengine wakagombezwa kwa kupinda pedeli. Hawakurudia tena.

Katika kisa hicho lawama hubebeshwa mwanafunzi, akaitwa mwoga. Ukweli ni kwamba mara nyingi mwenye kosa ni baiskeli yenyewe, au kwa usahihi zaidi, yule aliyeichagua.

Baiskeli ya kusafiria na baiskeli ya kujifunzia ni vyombo viwili tofauti, hata kama vinauzwa katika duka moja. Ya kusafiria huchaguliwa kwa wepesi wake barabarani, kwa uwezo wake wa kubeba mzigo na kwa namna inavyomruhusu mwendeshaji kunyoosha mguu anapokanyaga pedeli. Ya kujifunzia huchaguliwa kwa jambo moja kubwa kuliko yote: mwanafunzi aketipo juu ya kiti, nyayo zake zote mbili zikanyage ardhi barabara, na aweze kuisimamisha mwenyewe bila kumtegemea mtu.

Hofu hukaza mikono

Sababu ya sharti hilo imo katika namna baiskeli inavyosimama. Haisimami kwa sababu mwendeshaji ametulia wima kama mlingoti. Husimama kwa sababu kila inapoanza kuinama upande mmoja, usukani hugeuzwa kidogo kuelekea upande huohuo, na magurudumu yakarudi chini ya uzito. Ikiinama kushoto, usukani huenda kushoto. Ikiinama kulia, usukani huenda kulia. Masahihisho hayo madogo hufanyika mfululizo, na aliyezoea hayafikirii kabisa.

Baiskeli yenyewe pia hushiriki katika kazi hiyo. Mwaka 2011 watafiti wa vyuo vikuu vya Delft, Uholanzi, na Cornell, Marekani, walionyesha katika jarida la Science kwamba baiskeli inaweza kujisawazisha hata ikiondolewa sifa mbili zilizodhaniwa kwa muda mrefu kuwa ndizo huiweka wima, yaani nguvu ya mzunguko wa magurudumu na namna gurudumu la mbele linavyofuata nyuma ya mhimili wa usukani. Mradi iwe katika mwendo wa kutosha, na usukani wake uwe huru kugeuka.

Hapo ndipo mwanafunzi aliyening'inia juu ya baiskeli kubwa anapopata shida. Miguu yake haifiki chini, kwa hiyo anajua kwamba kila kosa ni anguko. Mwili hukakamaa, mikono huung'ang'ania usukani, na ule mgeuko mdogo unaohitajika haufanyiki. Aidha, kwa woga huo huenda polepole mno, na baiskeli ni ngumu zaidi kuitawala katika mwendo mdogo. Anaanguka kwa sababu aliogopa kuanguka.

Mwenye miguu iliyofika chini hana sababu ya kukakamaa. Akihisi anayumba, hukanyaga ardhi, akacheka, akaanza tena.

Ya kwanza duniani haikuwa na pedeli

Kutokana na sababu hiyo, walimu wengi wa baiskeli siku hizi huanza kwa kuondoa pedeli kabisa. Mwanafunzi huketi na kujisukuma kwa miguu yake mwenyewe, kwanza kwa hatua fupi, kisha kwa hatua ndefu, hadi anapoweza kuinua miguu yote na kuteleza mita kadhaa. Usawa ukishapatikana, pedeli hurudishwa, na kinachobaki ni kuzungusha tu.

Wapo wanaodhani njia hiyo ni mtindo mpya wa watoto wa nchi tajiri. La hasha. Mashine ya Karl Drais, Mjerumani aliyeiendesha hadharani mjini Mannheim mwezi Juni 1817 na ambayo huhesabiwa kuwa mzazi wa baiskeli, haikuwa na pedeli. Mwendeshaji aliketi na kuisukuma kwa miguu. Pedeli zilikuja kuenea miaka ya 1860 nchini Ufaransa. Kwa maneno mengine, binadamu walijifunza kwanza kusawazisha magurudumu mawili, na baadaye sana ndipo wakajifunza kuyazungusha.

Kupima kabla ya kununua

Kipimo kinachotakiwa ni cha ndani ya mguu. Mwanafunzi asimame wima akiwa ameegemea ukuta, amevaa viatu atakavyojifunzia, kisha kitabu chembamba kiwekwe katikati ya mapaja na kupandishwa hadi kinapokoma. Urefu kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa kitabu ndio kipimo.

Kiti cha baiskeli ya kujifunzia kinapaswa kuweza kushuka hadi sentimita 2 au 3 chini ya kipimo hicho. Mtu mwenye kipimo cha sentimita 72, kwa mfano, anahitaji baiskeli ambayo kiti chake hushuka hadi sentimita 70 au 69 kutoka ardhini. Mnunuzi akienda dukani na futi ya fundi cherehani, atamaliza mjadala wote na muuzaji kwa dakika moja.

Kwa watoto, wauzaji huzoea kutaja namba ya gurudumu kwa inchi pamoja na umri: namba 12 kwa mtoto wa miaka 3 au 4, namba 16 kwa wa miaka 5 au 6, namba 20 kwa wa miaka 6 hadi 9, na namba 24 kwa anayekaribia miaka 10 au zaidi. Namba hizo ni mwongozo tu. Watoto wa umri mmoja hutofautiana urefu, na fremu za gurudumu moja hutofautiana kimo. Kipimo cha mguu ndicho cha kuaminiwa.

Kosa la kawaida la wazazi ni kununua baiskeli kubwa kwa hesabu kwamba mtoto "ataikulia". Hesabu hiyo hufaa kwa sare ya shule, kwa sababu shati kubwa halimwangushi mtu. Baiskeli kubwa huweza kumwangusha mtoto leo, na atakapoifikia kimo, huenda hamu imekwisha kabisa.

Zilizopo sokoni

Baiskeli iliyozoeleka zaidi Afrika Mashariki ni ile nyeusi ya namba 28, yenye asili ya Kiingereza na ambayo kwa miongo mingi imekuwa ikitengenezwa India na China. Wakenya huiita Black Mamba. Ni imara, hubeba magunia, na wakazi wa miji kama Tanga wanaijua vyema. Kwa kumfundishia mtu, hata hivyo, ni chaguo baya. Fremu yake ni ndefu, bomba la juu humzuia anayetaka kushuka kwa haraka, na uzito wake hukaribia kilo 20. Watoto waliojifunza kwa kupenyeza mguu chini ya bomba hilo walifanikiwa kwa ushujaa wao, si kwa kufaa kwa chombo.

Kundi la pili ni baiskeli zilizotumika kutoka Japani, zenye kikapu mbele na bomba lililoshuka chini. Huko kwao huitwa "mamachari", na neno "mama" katika jina hilo lina maana ileile ya Kiswahili. Hizi zinafaa zaidi kwa mtu mzima. Mwendeshaji hupitisha mguu mbele ya kiti bila kuurusha nyuma, jambo ambalo ni muhimu kwa mwanamke aliyevaa gauni au kanga, na vilevile kwa mzee ambaye nyonga zake zimekaza. Nyingi zina kava la mnyororo, kwa hiyo nguo haiingii katika meno. Kasoro yake ni uzito, na baadhi ya zile za namba 26 na 27 zina kiti kisichoshuka vya kutosha kwa mtu mfupi. Mfupi atafute ya namba 24.

Baiskeli za milimani zenye gia nyingi hupendwa na vijana kwa sura yake. Tairi zake pana ni faida kwenye ardhi isiyo laini. Hata hivyo, zile za bei nafuu zenye springi mbele na nyuma ni nzito, hudundadunda, na huongeza vitu vya kuharibika bila kumsaidia mwanafunzi. Kama ndiyo iliyopo, ichaguliwe fremu ndogo, gia iwekwe kwenye nyepesi ya wastani, na mwanafunzi aambiwe asiiguse hadi atakapokuwa amezoea.

Kundi la nne husahauliwa na wengi, nalo ni baiskeli ndogo za kukunja za namba 20. Fremu yake iko chini, na mlingoti wake wa kiti ni mrefu, hivyo kiti kimoja huweza kushushwa kwa mtoto wa miaka 10 na kupandishwa kwa baba yake. Usukani wake hugeuka upesi kuliko wa baiskeli kubwa, na mwanafunzi anapaswa kuonywa kuhusu hilo. Kwa familia au kikundi cha mtaa chenye uwezo wa kununua baiskeli moja tu ya kufundishia, hii ndiyo yenye manufaa zaidi.

Kusimama kwanza, kwenda baadaye

Baada ya kimo, jambo la pili ni breki. Katika miji ambayo daladala, bodaboda na bajaji hugombea njia hata katika vichochoro vya mitaa, mtoto anayejua kwenda bila kujua kusimama yuko hatarini kuliko asiyejua kabisa.

Breki zijaribiwe kwa mkono wa mwanafunzi, si wa fundi. Vidole vya mtoto au vya mwanamke mwenye kiganja kidogo huenda visifikie mkono wa breki, au vikaufikia bila nguvu ya kuubana. Mikono mingi ya breki ina skrubu ndogo ya kuusogeza karibu na usukani. Kama haina, au waya umekaza kwa kutu, ubadilishwe kabla ya somo la kwanza. Breki za fito za chuma zilizo katika baiskeli nyingi za namba 28 huhitaji nguvu kubwa, na hupoteza uwezo wake rimu inapolowa.

Mwalimu ajue pia mkono upi unafunga gurudumu lipi, kwa kuwa desturi hutofautiana. Katika baiskeli za Japani na Uingereza, kwa kawaida mkono wa kulia hufunga gurudumu la mbele. Katika nyingi zinazotoka bara la Ulaya na Marekani, mkono wa kushoto ndio hufunga la mbele. Kwa nchi zinazoendesha upande wa kushoto, kama Tanzania, Kenya na Uganda, mpangilio wa Japani una faida: mwendeshaji anayenyoosha mkono wa kulia kuashiria kwamba anakata kulia hubaki na breki ya nyuma kwenye mkono wa kushoto, na hiyo haiwezi kumrusha mbele ya usukani.

Zipo pia baiskeli ambazo hufunga breki kwa kurudisha pedeli nyuma. Ni imara na hazina waya wa kukatika, lakini kwa kufundishia zina tatizo. Pedeli zikiondolewa, breki nayo imeondoka. Baiskeli ya aina hiyo isitumike katika somo la kusawazisha isipokuwa kama ina breki nyingine ya mkono, na ardhi iwe tambarare.

Vijigurudumu vya pembeni

Wazazi wengi hununua baiskeli za watoto zenye vijigurudumu viwili vya pembeni nyuma, wakiamini kuwa ni hatua ya kwanza. Kwa kumfurahisha mtoto havina ubaya. Kwa kumfundisha, vinamfundisha kinyume. Baiskeli haiwezi kuinama, kwa hiyo mtoto hasahihishi chochote kwa usukani. Huizungusha kama gari, na kwenye kona mwili wake huegemea nje badala ya ndani. Siku vinapoondolewa, inambidi aanze upya, safari hii akiwa na woga ambao hakuwa nao.

Ni nafuu zaidi kufungua vijigurudumu pamoja na pedeli, kushusha kiti, na kumwachia mtoto miguu yake.

Kuondoa pedeli si kazi kubwa, lakini inahitaji kujua siri moja. Pedeli ya kulia hufunguka kama nati ya kawaida, ilhali ya kushoto hufunguka kinyume. Wengi wameharibu meno ya skrubu kwa kulazimisha. Spana, ambayo mara nyingi huwa namba 15, ikiwa imeelekezwa juu, pedeli zote mbili hufunguka kwa kuivuta kuelekea gurudumu la nyuma, na hukazwa kwa kuisukuma kuelekea la mbele.

Kukagua iliyotumika

Kwa kuwa baiskeli nyingi za mijini huuzwa zikiwa zimekwisha kutumika, mnunuzi hana budi kuzikagua kwa mpangilio.

Kwanza ni mlingoti wa kiti. Baiskeli zilizokaa kwenye makontena au kando ya bahari huja na kutu iliyougandisha mlingoti ndani ya fremu. Baiskeli ya kufundishia ambayo kiti chake hakisogei haifai, hata ikiwa nzuri kiasi gani. Muuzaji aombwe akishushe na kukipandisha mbele ya mnunuzi.

Pili ni shingo ya usukani. Breki ya mbele ibanwe, na baiskeli isukumwe mbele na nyuma. Ikigonga au kucheza, gololi zimelika au nati zimelegea. Vilevile usukani uinuliwe na kugeuzwa: ukikwama katikati, mwanafunzi hataweza kufanya yale masahihisho madogo, na atalaumiwa bure.

Tatu ni magurudumu. Yazungushwe hewani na kutazamwa kama yanayumba. Tairi zenye nyufa zibadilishwe. Nne ni fremu yenyewe, hasa karibu na shingo na chini ya kiti. Dalili za kuchomelewa upya au rangi iliyopasuka ni sababu tosha ya kuiacha.

Siku ya somo

Uwanja mzuri ni mgumu, mpana, usio na magari, na wenye mteremko mdogo sana: uwanja wa shule siku isiyo na masomo, au eneo la kuegesha magari lililo tupu. Mchanga laini, ambao umejaa katika mitaa mingi ya pwani, hushika tairi na kumwangusha hata mjuzi. Tairi zijazwe upepo wa kutosha, kwa kuwa laini hufanya usukani kuwa mzito.

Mwalimu asishike usukani. Akiushika, ni yeye anayesawazisha, na mwanafunzi hajifunzi kitu. Ikibidi kumsaidia, amshike begani au mgongoni kwa wepesi, akimweleza kabla ya kumwachia. Imani iliyovunjwa mara moja, kama ilivyovunjwa kwa wale walioachiwa bila taarifa utotoni, huchukua miaka kurudi.

Somo la kwanza liishie na kusimama: kujisukuma, kuteleza, kubana breki zote mbili taratibu, kukanyaga chini. Kiti kisipandishwe hadi mwanafunzi atakapoweza kuanza, kukata kona na kusimama bila kufikiri. Hapo ndipo kipandishwe kidogokidogo hadi kimo cha kusafiria, ambacho hupimwa kwa kuweka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa na mguu kunyooka. Kukibakiza chini moja kwa moja huchosha magoti.

Kuhusu umri, historia ina jibu. Frances Willard, mwanaharakati mashuhuri wa Marekani, alijifunza baiskeli akiwa na miaka 53, na mwaka 1895 akachapisha kitabu kuhusu safari hiyo. Hakujifunza kwa siku moja. Ilimchukua takriban miezi 3, kwa mazoezi mafupi ya kila siku, na wasaidizi waliomshikilia. Wapo wanaopata usawa kwa saa moja, na wapo wanaohitaji wiki kadhaa. Wote huishia kuendesha.

Samaki aliyekomaa hakunjiki, ni kweli. Binadamu si samaki. Mama wa miaka 40 ambaye hajawahi kukaa juu ya baiskeli hana haja ya mifupa laini wala ya ujasiri wa pekee. Anahitaji baiskeli ambayo, akiketi, miguu yake inakanyaga chini, pamoja na mtu mvumilivu atakayekumbuka kumwambia kabla ya kumwachia.